Kushuka Newala na Mama Mkwe

Wenzangu wa bandarini mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Aliyeniona nachechemea nilimwambia habari za njia. Aliyeona viganja vyangu nilimwambia habari za mpunga. Sasa naona kila mtu ana hadithi yake, na nyingine nimezisikia zikinirudia zimeota mkia. Bora niieleze yote kwa mpangilio, tangu tulipotoka Mikindani.

Mikindani hadi Newala

Mnajua mimi ni Mpare wa Usangi. Nimezaliwa mlimani, na tangu nihamie huku pwani nimekuwa nikiulalamikia utambarare wake. Siku moja nilikuwa nalalamika mezani, mama mkwe wangu akasikia. Bi Somoe si mtu wa maneno. Mkwe na mkwewe huku wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali: mimi hula ukumbini, yeye hula jikoni, na salamu zetu ni fupi. Lakini siku hiyo alisema kutoka jikoni, "Kwetu mlima upo. Newala. Likizo ikifika, Baba Rehema anipeleke, atauona."

Alikuwa na safari yake ya kila mwaka. Mdogo wake, Bi Zuhura, ameolewa bondeni kando ya mto Ruvuma. Korosho zikikaribia kuisha kuokotwa, Zuhura hupanda mpaka Newala, Bi Somoe huenda kutoka pwani, wakakutana kwa mpwa wao aitwaye Tatu. Mke wangu, Mwajuma, aliyebaki na binti yetu Rehema, alifurahi mama yake kupata msindikizaji. Mimi nilikuwa na hamu moja tu, kuliona jua likichomoza nikiwa juu ya mlima. Kwetu Usangi asubuhi nyingi ni ukungu. Jua tulikuwa tunaliona likiwa limeshapanda.

Basi letu lilikwenda vizuri mpaka tulipopita Nanyamba. Njia nzima tulipishana na malori ya korosho yanayoshuka bandarini, nami nikawa nayaangalia kama mtu anayekutana na jamaa zake ugenini. Miaka yote nimeyanyanyua magunia yale kwa foklifti bila kujua yanatoka kwenye miti ya namna gani. Kumbe ni mashamba yasiyokwisha, na chini ya mikorosho wanawake wameinama, na harufu ya mabibo yaliyochacha inaingia mpaka ndani ya gari.

Karibu na Tandahimba rejeta ikachemka. Dereva akasimama, kondakta akachukua dumu akaenda nyumba ya kwanza kuomba maji. Akarudi na dumu tupu. Akaenda ya pili. Mimi nilishangaa, maana kwetu maji huombi, unaonyeshwa tu mfereji. Nikaenda mwenyewe nyumba ya tatu, nikapiga hodi, nikamsalimia mama mmoja aliyekuwa anamenya muhogo, nikamwambia nina kiu, naomba maji. Akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba, vimechemshwa kwa chumvi.

"Kula hii," alisema. "Kiu itapoa."

Nilirudi garini nikila na kuona kama nimechezewa. Bi Somoe alikuwa ameketi kivulini na abiria wenzake. Nikamwekea sahani mbele yake, nikasogea pembeni. Akala, kisha akasema bila kunitazama, "Huyo amekupa heshima. Ming'oko anaichimba siku moja. Maji anayafuata siku mbili."

Sikuelewa vizuri alimaanisha nini. Dereva alipata maji hatimaye kutoka kwa lori lililopita, tukaondoka alasiri.

Mlima usioonekana

Kutoka Tandahimba nilikaa dirishani kuusubiri mlima. Mwenye kuzaliwa mlimani anajua mlima unavyojitangaza: kwanza unauona kama wingu, kisha unakua, kisha gari linaanza kuguna. Hapa gari halikuguna. Barabara ilikuwa mchanga mwekundu, mikorosho, migomba kidogo, nyumba, tena mikorosho. Hewa ilianza kuwa ya baridi, abiria wakafunga madirisha, na mara kondakta akapiga bati akasema, "Newala, mwisho."

Nilishuka nikageuka pande zote. Mji wa kawaida, tambarare kama Mtwara.

Nikamuuliza muuza mahindi, "Samahani, mlima uko wapi?"

"Mlima gani?"

"Mlima wa Newala."

Akamtazama mwenzake, wakacheka. "Kaka, uko juu yake."

Nilidhani ananitania. Nilimuuliza na Tatu alipokuja kutupokea, naye akajibu vilevile, kwamba mlima nimeshaupanda nikiwa nimekaa kwenye kiti, tangu pwani, kidogo kidogo. "Hapa watu hawapandi, Shemeji. Wanashuka. Kesho nikupeleke ukingoni utaona."

Bi Somoe hakusikiliza mazungumzo hayo. Alikuwa anaangalia nyuma ya Tatu. "Zuhura yuko wapi?"

Tatu akasema hajafika, na si kawaida yake. Tulikuwa tumekaa kwenye jamvi tunakula ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho, simu ya Tatu ikaita. Ilikuwa namba ya jirani yake Zuhura kule bondeni, ambako mtandao hupatikana kwa bahati, ukipanda juu ya kichuguu. Tatu akaweka sauti kubwa. Tukasikia upepo, kisha sauti ya mwanamume: "Tatu? Mwambie Bi Somoe, Zuhura hawezi..." Simu ikakatika.

Tatu alipiga tena na tena. Haikupatikana.

Nilimwona Bi Somoe akilirudisha tonge kwenye sahani. Kwa mtu aliyeishi pwani kama yeye neno hilo halina maana mbili. Hawezi, basi ni mgonjwa. Na mgonjwa ambaye jirani anapanda kwenye kichuguu kumtafutia mtandao, si mgonjwa wa mafua.

Tatu akaenda kuuliza usafiri. Barabara ya magari kwenda bondeni ilikuwa imekatwa na mvua zilizoanza, na vijana wa bodaboda walisema utelezi ni mwingi, hawathubutu. Ilibaki njia ya miguu inayoanzia ukingoni.

"Nashuka alfajiri," Bi Somoe alisema.

"Mama, goti lako," Tatu alisema.

"Goti nitaenda nalo."

Nikasema nitakwenda naye. Hakunijibu, ila aliniamuru kupitia kwa Tatu: "Mwambie Baba Rehema avae viatu visivyoteleza."

Ukingoni

Tulitoka kukiwa bado na giza, tukasali alfajiri kwenye msikiti mdogo uliokuwa njiani. Tatu akatufikisha mpaka mwisho wa mji, mahali wanapopaita Shimo la Mungu, akaagana nasi, maana alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Nyumba ziliisha, nyasi zikaisha, kisha ardhi yenyewe ikaisha. Sina namna nyingine ya kusema. Mbele ya miguu yangu palikuwa na upepo baridi unaopanda kutoka chini, na chini kulikuwa kweusi.

Hatukuweza kushuka mpaka pawe na mwanga. Bi Somoe aliketi juu ya jiwe, nami juu ya jingine, mbali naye kiasi cha heshima. Nakiri nilikuwa na aibu. Nilikuwa nimelitamani jua lile kwa muda mrefu, na sasa nilikuwa nalisubiri mbele ya mtu ambaye kwake lilikuwa kizuizi tu.

Kulianza kupambazuka upande wa kushoto. Kwanza nilidhani bonde limejaa maji, kumbe ni ukungu, mweupe, umelala kimya kutoka chini yetu hadi ng'ambo ambako kulikuwa na mstari wa vilima vya Msumbiji. Vilima vile ndivyo vilivyopata rangi mwanzo. Kisha ukungu ukaanza kuwa kama ngozi ya embe linaloiva, upande mmoja tu. Halafu jua lenyewe likatoka, si kwa haraka, kama mtu anayeinua kichwa juu ya ukuta kuchungulia. Lilitokea upande wa pwani, upande wa kwetu Mikindani.

Bi Somoe alisema, "Jua hili si lile la nyumbani?"

"Ndilo, Mama."

"Ungeamka mapema tu, ungeliona pale nyuma ya choo."

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Ukungu ukaanza kuchanika na nikauona mto, kipande hapa, kipande pale, unang'aa kama bati jipya. Nilipogeuka, Bi Somoe alikuwa ameacha kuangalia njia. Alikuwa anaangalia jua.

"Sijawahi kukaa hapa," alisema baadaye. "Nimezaliwa karibu hapo, na sijawahi kukaa. Juu huku hakukuwa na maji. Tulikuwa tunashuka na vibuyu usiku bado, jua linatukuta chini tunachota. Linapopanda, sisi tunapanda nalo. Nani alikuwa na nafasi ya kukaa?"

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia mimi moja kwa moja. Ndipo nilipoyaelewa yale ya sahani ya ming'oko. Alikuwa ameshasimama, amejifunga kanga kiunoni. "Haya. Kumekucha."

Njia ya wachota maji

Njia ile haina huruma. Ni mawe na mizizi na udongo mwekundu uliolowa, inajikunja kulia na kushoto, mahali pengine inabidi ushuke kinyumenyume kama mtu anayeshuka ngazi. Bi Somoe alitangulia. Mimi wa Usangi, niliyejisifu mbele yenu kwamba nimelelewa na mteremko, nilianguka mara mbili kabla yeye hajateleza hata kidogo.

Kwa vile alikuwa mbele, alikuwa ananionyesha vitu bila kugeuka. Hapa palikuwa na mti wa kupumzikia. Hapa msichana fulani aliangusha kibuyu, akarudi chini peke yake, hakuna aliyemsubiri. Nilikuwa nauliza na yeye anajibu. Nilitaka kujua walivaa nini miguuni, waliimba au walinyamaza, mwenye mimba alifanyaje. "Alishuka," alisema.

Tulikuwa tumepita nusu jiwe lilipogeuka chini ya mguu wake. Hakupiga kelele. Alikaa tu, akashika goti, na uso wake ukawa rangi ya jivu. Nilikimbia kisha nikasimama hatua chache kutoka kwake, mikono imening'inia. Ningekuwa na mama yangu ningeshamshika. Huyu ni mkwe. Nilimpa maji, nikaiweka chupa chini aiokote mwenyewe.

Alijaribu kusimama, goti likakataa. Akajaribu kuteremka kwa kukaa, akafika mawe mawili tu, akaacha. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Kurudi juu kulikuwa mbali, chini kulikuwa mbali, na dada mtu yuko huko hali yake haijulikani.

Wakatokea wanawake watatu wanapanda, vichwani vikapu vya maembe ya kupeleka sokoni. Walisimama, wakatusalimia, wakalitazama goti. Tukawauliza habari za Bi Zuhura, lakini walikuwa wa kijiji kingine, hawamjui. Aliyetangulia, mama mnene aliyejitanda kanga nyekundu, aliniangalia kuanzia chini mpaka juu.

"Huyu mgongo wake una nini?" alimwuliza Bi Somoe.

"Ni mkwe wangu."

Yule mama akashusha pumzi, akaweka sawa kata chini ya kikapu chake.

"Dada yangu," alisema, "mkwe yuko nyumbani. Hapa njiani hakuna mkwe, kuna mtu mwenye goti na mtu mwenye mgongo. Sisi tunakwenda zetu na hatugeuki nyuma."

Akachagua maembe mawili akayaweka juu ya jiwe, wakaondoka. Na kweli hawakugeuka.

Nilimenya embe moja nikala, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Mwishowe Bi Somoe akasema, "Geukia kule."

Nikageuka, nikachuchumaa. Nilisikia anaivua kanga ya juu, anaikunja, kisha akaitandika mgongoni kwangu kama unavyotandika kitanda, akailainisha kwa mkono. Hiyo kanga ndiyo ilikuwa ukuta wetu. Juu yake ndipo alipojiweka. Alikuwa mwepesi sana, na wepesi wake ndio ulionitisha.

Nilianza kushuka. Sikuweza kuona miguu yangu vizuri, kwa hiyo alikuwa anasema sikioni, "Kushoto. Hapo mzizi. Ngoja, utelezi." Na kati ya maagizo akaanza kunisimulia. Nadhani ni kwa vile sikuweza kuuona uso wake wala yeye wangu. Aliniambia Zuhura alipokuwa mdogo hakupenda kubeba maji, na yeye ndiye aliyembebea kibuyu chake. Aliniambia Zuhura alipochumbiwa na mtu wa bondeni alisema wazi kwamba anaolewa na mto. Aliniambia tangu marehemu mumewe aondoke hajapata mtu nyumbani wa kuzungumza naye Kimakonde, kwamba Mwajuma anakisikia tu, hakisemi, na kwamba lugha isiyosemwa inalala mdomoni kama chakula kilichopoa.

"Kama nikimkuta amekufa," alisema, "nitaongea na nani?"

Nilimwambia tutamkuta hai. Nililisema bila kujua. Nilikuwa natweta, jasho linaingia machoni, na njia ilikuwa bado inashuka.

Bondeni

Tulifika chini mchana. Nilipumzika kwenye mwembe wa kwanza, nikamteremsha, na hapo ndipo nilipogeuka nikauona mlima. Ulisimama nyuma yetu kama ukuta wa ngome, kutoka upeo hadi upeo, kijani na mwekundu, na juu yake umekatwa sawa kama mkate. Sikuamini kwamba kule juu kuna mji, kuna stendi, kuna mtu anauza mahindi. Nimeona milima mingi. Sijawahi kuona mwingine unaojificha kwa kukubeba.

Kijiji cha Bi Zuhura hakikuwa mbali. Watu waliotuona walinyamaza, maana mwanamume mwenye bibi mgongoni bondeni anapeleka mgonjwa au analeta msiba. Tulipofika uani kwake hapakuwa na mtu, na mlango ulikuwa umefungwa. Nilihisi mikono ya Bi Somoe ikinibana mabegani.

"Niteremshe," alisema kwa sauti ndogo.

Kabla sijamteremsha tukasikia mtu anaimba nyuma ya nyumba. Akatokea mwanamke mfupi, matope mpaka magotini, jembe begani, amejifunga kanga kichwani. Akasimama. Akamtazama Bi Somoe, akanitazama mimi, akatazama tena juu mgongoni kwangu.

"Dada," alisema, "unaumwa?"

"Wewe ndiye mgonjwa," Bi Somoe alisema.

"Mimi?"

"Tumeambiwa huwezi."

Jirani mwenye simu alikuwa ameshafika kufuata kelele. Akaelewa kabla yetu, akajishika kichwa. "Nilisema hawezi kuja. Mvua imenyesha, anapanda mpunga. Mtandao ukanikatia kwenye kuja."

Bi Zuhura alianza kucheka, akaegemea jembe lake. Bi Somoe hakucheka. Nilimteremsha polepole akakaa barazani, akafunika uso na ile kanga iliyokuwa ukuta wetu, akalia kwa sauti kama mtoto. Zuhura akaacha kucheka. Akatupa jembe, akaja na matope yake yote, akamkumbatia, na kuanzia hapo wakaongea Kimakonde na mimi sikuelewa tena kitu.

Tulipokula jioni, samaki wa mtoni na wali wa msimu uliopita, Bi Zuhura aliniita nile pamoja nao. Nilisita mlangoni. Akasema, "Umeshambeba mgongoni, unaogopa kula naye? Wewe si mkwe tena hapa. Ni mtoto. Na watoto wa nyumba hii kesho wanapanda mpunga." Bi Somoe aliangalia sahani yake, hakupinga.

Basi, viganja vyangu mlivyoviona ni hivyo. Nilipanda mpunga mpaka likizo yangu ilipokaribia kuisha, Zuhura ananisahihisha mistari, Bi Somoe ameketi ukingoni, goti limefungwa majani, anamsahihisha Zuhura. Walibishana kuanzia asubuhi. Sijawahi kumsikia mama yule akiongea vile. Nilipomwambia ni wakati wa kurudi, kwamba jirani atatupatia pikipiki tufuate njia ya bondeni, alisema goti halijawa tayari. Nikalitazama goti. Uvimbe ulikuwa umeisha. Nikaenda kumwambia jirani kwamba abiria ni mmoja.

Kufuata mto

Nilirudi peke yangu, nikiufuata Ruvuma kuelekea baharini. Pikipiki mpaka njia ilipozuiwa na trekta lililokwama, kisha pikapu ya mfanyabiashara wa samaki wakavu, ambaye kwa kuuona mzigo wangu mdogo wa maembe ya Bi Zuhura aliamini ninavuka kwenda Msumbiji. Alinishauri njia nzima namna ya kuongea na askari wa ng'ambo, na kila nilipomwambia nakwenda Mikindani alikonyeza jicho. Kwenye kona ya Kilambo, njia ya kwenda kwenye kivuko, alinishusha kwa kificho, akanitakia kheri ya mpakani. Nilisimama pale nikanusa mikoko na chumvi, nikajua nimefika pwani, nikadaka gari la kwenda mjini.

Mwajuma alinipokea mlangoni, akaangalia nyuma yangu. Nilimweleza kila kitu, na alikasirika kwa haki yake. Alisema alinikabidhi mama yake na nimemrudishia maembe. Habari ya mgongo nilimwambia mwisho. Aliniuliza mara mbili kama mama mwenyewe ndiye aliyesema nigeuke. Nilipomhakikishia, alikaa chini, akaiacha chai ikapoa.

Juzi simu ililia. Ilikuwa namba ya yule jirani, na upepo ule ule. Mwajuma alipokea, akasikiliza, akanyoosha simu kwangu, uso wake umejaa mshangao. "Anakutaka wewe."

Sauti ya Bi Somoe ilikuwa kubwa, kama mtu anayeongea na ng'ambo ya mto. "Umefika salama? Umekula?"

"Nimefika, Mama. Nimekula."

"Goti limepona. Msije kunichukua. Mpunga ukiiva, mlete Mwajuma na Rehema. Msifuate barabara, shukeni kwa miguu wapaone. Njia unaijua."

Mwajuma alikuwa amekinga mkono anasubiri zamu yake. Nilipomrudishia simu, mama alikuwa ameshashuka kichuguuni.